Risasi ya Kwanza ya Asubuhi

Hollinghyll, Cumbria
11 Februari 2013

Thirza binti yangu,

Kama umeipata hii ukiwa na kikombe cha chai mkononi, na kile kikohozi kimekuachia, basi nimefurahi na sitakuuliza mara mbili. Mimi ni bega tu, lile alilonivunja dume la kondoo. Mengine yapo. Masikio usiyahesabu, yalishastaafu, ndiyo maana nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi hujibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, na siku moja utaniuliza kama nimekufa.

Habari za hapa si nzuri. Juzi nilipanda malisho ya juu na Moss, akakataa kuruka ukuta. Mbwa mwenye miaka tisa kazini, anakaa chini na kunitazama. Nikachungulia mwenyewe. Kondoo tisa. Waliokufa sina neno nao. Watatu walikuwa hai, na mmoja alikuwa amesimama anacheua huku matumbo yake yametandazwa kwenye theluji. Wote walikuwa na mimba ya miezi mitatu. Niliwachinja kwa kisu cha kukatia kamba kwa kuwa sikuwa na kingine, na kisu hicho hakina makali. Ilichukua muda.

Nyayo zilitoka kwenye lango la Lanty Mounsey na zikarudi kwenye lango la Lanty Mounsey. Tangu wezi wamwibie ile pikipiki yake ya magurudumu manne, jirani yetu ameleta mbwa wawili wa ulinzi wenye vichwa kama ndoo.

Unaijua desturi ya bonde hili. Mbwa akiua kondoo, mwenyewe humfunga kamba shingoni, humleta kwa mkono wake mpaka lango la aliyeumizwa, wanammaliza wote wawili, kisha wanakunywa chai. Baba yake Lanty alimleta wa kwake kwa babu yako nikiwa na miaka kumi na tano. Mimi nilishika kamba, Lanty akalia kwenye koti langu. Kwa hiyo nilishuka kwake nikamwambia, "Lanty, nakusubiri na kamba." Akacheka mbele ya mkewe. "Joss bwana, hawa wangu wanalala jikoni. Kondoo wako wamekuona sura asubuhi wakajirarua wenyewe." Huyo ndiye aliyebeba jeneza la mama yako.

Basi nataka unifanyie kazi. Bunduki yangu ya upepo nimempa yule muuza bunduki wa Penrith, ataileta kiwandani kwenu kwa utaratibu wake, na kibali changu kinaruhusu nguvu zaidi. Ilivyo sasa ni ya sungura. Nitilie mtutu mnene, uipe hewa ya kuangusha kitu kizito kwa risasi moja. Ya baruti siitaki. Bega halihimili teke lake, na kishindo kinawaharibia kondoo mimba.

Usinicheleweshe.

Baba yako,
Joss


Birmingham
17 Februari 2013

Baba yangu,

Kikohozi kimeondoka, asante, kimehamia kwa bosi. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kabla hujauliza: hapana, hakuna mwanamume. Wewe je, ile dawa ya bega unaipaka au umempaka Moss?

Nimesoma habari ya kondoo nikaiweka chini, nikaisoma tena. Pole, baba. Pole sana. Ungeniandikia siku ileile ningekuja.

Bunduki imefika na iko mezani kwangu. Kazi unayotaka naiweza, ndiyo kazi yangu, lakini si ya kukaza skrubu moja. Mtutu ukiwa mnene risasi inakuwa nzito, na risasi nzito inataka hewa nyingi, inayopita kwenye tundu pana, ikisukumwa na springi ngumu, na kila kimoja kikibadilika kinawavuruga wenzake. Nitafanya saa za chakula cha mchana, bosi kakubali. Nikimaliza nitaipitisha kwenye kipimo cha mwendo, risasi kumi kwa mfululizo. Ya kwanza huwa tunaitupa, hapa kila mtu huitupa, tunasema bunduki inasafisha koo. Tisa zinazofuata ndizo tunazoziamini.

Najua utabisha. Wewe na ile risasi yako moja ya asubuhi, kila siku tangu sijazaliwa, kwenye nguzo ya mwaloni ya babu. "Mbweha hakupi ya pili." Nilikua nikiisikia hiyo kama wenzangu walivyosikia sala.

Sasa neno moja, nalo usiliruke. Ulikwenda polisi? Najua sheria iko upande wako mbwa wakiwa juu ya kondoo, lakini mwambie mtu kwanza. Na uniahidi kwa maandishi: hii ni ya mbwa. Nimekuona ukikasirika, baba. Nilikuona ukimpiga yule mnunuzi wa sufu mpaka akalala kwenye matope, na mimi nilikuwa na miaka saba.

Binti yako,
Thirza


Hollinghyll
25 Februari 2013

Thirza,

Mimi mzima kiasi. Jino moja pungufu.

Polisi nilikwenda. Kijana ameandika kwenye daftari lake, akanipa namba ya kesi, akaniuliza kama nina picha za mbwa wakiua. Nikamjibu mbwa hawakuniita kupigwa picha.

Jino ni hivi. Alhamisi kwenye mnada wa kondoo nilikutana na Lanty kwenye foleni ya pai. Nikamwambia mbele za watu kuwa baba yake alikuwa mwanamume. Akasema, "Na wako alikuwa mchoyo wa chai, ile siku tulikunywa maji ya moto." Watu wakacheka. Nilimpiga kwa fimbo sikioni, ile yenye kichwa cha pembe, akaenda chini pamoja na pai zake mbili, na alipoinuka alinipiga ngumi ya mdomo. Wazee wa miaka sabini na moja, tunavingirishana kwenye mavi ya kondoo. Ilibidi watu wanne watutenganishe. Sikio lake lilichanika, nililiona likining'inia. Nilifurahi. Nakuambia ukweli kwa kuwa wewe unapenda ukweli.

Hayo ningeyaacha. Lakini Jumapili nilirudi kutoka kanisani nikakuta uani kimya. Moss alikuwa amewazuia wale mbwa wawili kwenye lango la malisho ya chini. Peke yake, mbwa wa kilo kumi na nane. Walimvuta mmoja mbele, mmoja nyuma. Nilimpata sehemu mbili, Thirza, na sehemu ya mbele ilikuwa bado na manyoya yao mdomoni, ya kahawia, yenye mistari. Nimeyahifadhi kwenye kopo la tumbaku. Hata kondoo mmoja hakuguswa. Alifanya kazi yake mpaka mwisho, nami nilikuwa naimba tenzi.

Nimemzika karibu na mama yako, nje ya ukuta wa makaburi, mchungaji wa kanisa amejifanya hakuona.

Umeniomba ahadi. Hii ni ya mbwa. Hiyo hapo, kwa maandishi. Sasa niletee bunduki yangu.

Baba


Birmingham
4 Machi 2013

Baba yangu,

Sijui nikusalimu vipi leo. Nilimlilia Moss kwenye choo cha kiwandani mpaka wakaja kugonga mlango. Umekula? Umeweka kitu kwenye hilo jino?

Bunduki inaondoka leo. Nimebadilisha mtutu, vali, springi, na ile regyuleta ya kudhibiti hewa, iliyochoka, nimekuwekea mpya. Kwa kawaida kazi kama hii tunaiacha ikae wiki nzima, tunaipima kila siku. Hii nimeipima siku mbili, kwa kuwa barua yako ilikuwa mfukoni mwangu na ilinichoma. Risasi tisa zimefuatana kama zimepigwa chapa. Sijawahi kutoa kazi iliyonyooka hivi.

Nguvu yake si ya mchezo. Kumbuka nyuma ya unachopiga kuna nini. Ukuta wa mbao wa banda ulikuwa unazuia risasi zako za sungura, hizi hautazizuia.

Na hili ni ombi la fundi, si la binti: ikifika, jaza hewa, piga kumi mfululizo kwenye nguzo, kwa hatua sitini, kisha uniandikie zimeanguka wapi. Kumi, baba. Si moja.

Binti yako akupendaye,
Thirza


Hollinghyll
14 Machi 2013

Thirza, fundi wangu,

Salamu. Natumaini hujambo na mikono yako haijambo, maana mikono hiyo ni ya dhahabu na ningekuwa na umri wa kubusu mikono ningeibusu. Bega linalalamika, theluji inakuja, na hii itakuwa kubwa. Kondoo nimewashusha wote malisho ya chini mbele ya banda, na mimi nakaa kwenye mlango wa banda juu ya gunia, na chai kwenye chupa, toka kunakucha mpaka jua linazama.

Kumi sikupiga. Usinune. Ile pampu ya mkono inataka mtu mwenye mabega mawili, mimi nina moja na nusu. Nikiujaza mtungi wa hewa asubuhi nakaa chini robo saa nikihema. Hewa hii siimwagi ovyo. Nimepiga kama nilivyopiga maisha yangu yote: moja, asubuhi, bunduki ikiwa baridi na mimi baridi. Siku sita. Ya kwanza nilirekebisha darubini. Tano zilizofuata zimeingia tundu moja. Nasema tundu moja, naweza kuweka kidole.

Na nikuambie jingine. Nilizunguka nyuma ya nguzo ya babu yako. Zimetokea upande wa pili. Mwaloni wa miaka mia, mnene kama paja langu, na mwanga unapita. Nilisimama pale nikichungulia kwenye tundu na nilimwona kondoo upande wa pili akinitazama. Nilicheka peke yangu mara ya kwanza tangu Moss.

Lanty hajaja na kamba. Waje wenyewe basi.

Baba yako,
Joss


Birmingham
20 Machi 2013

Baba,

Salamu baadaye. Barua yako imefika leo saa nne. Acha kuitumia bunduki hiyo. Iweke chini, toa risasi, usiiguse mpaka nifike.

Nilipanga nguvu ya kutosha mbwa. Sikupanga nguvu ya kutoboa nguzo ile, naijua nguzo ile. Nilipofika hapo kwenye barua yako nikaenda kufungua daftari langu la vipimo. Kila mfululizo nimeandika namba kumi, na ya kwanza nimeikata kwa mstari kama tunavyoikata sote, bila hata kuitazama. Leo nimeitazama. Zote za kwanza ziko juu mno.

Ni hivi. Ndani ya bunduki kuna chumba kidogo cha hewa, na regyuleta ni bawabu wake: chumba kikifikia kipimo, anafunga mlango. Huyu niliyekuwekea hafungi sawasawa. Bunduki ikilala, hewa inapenya taratibu, na asubuhi chumba kimejaa kupita kiasi. Risasi ya kwanza inatoka na nguvu hiyo yote. Ya pili inatoka na nguvu niliyopanga, ambayo ni ndogo zaidi, na darubini yako umeilenga kwa ile ya kwanza. Ya pili itaanguka chini ya unapoona, kiganja kizima kwa hatua sitini.

Mimi ninaitupa ya kwanza. Wewe huipigi ya pili. Kati yetu hakuna aliyeiona bunduki hii nzima.

Nimepiga simu nyumbani mara kumi na moja, najua iko chini ya mto wa kiti na husikii. Posta ya kijijini wanasema magari hayapandi tena, na barua hii itasubiri theluji. Nitatafuta mtu wa kukufikia kwa miguu.

Iweke chini, baba.

Thirza


Gerezani
11 Aprili 2013

Thirza binti yangu,

Mzima. Wananilisha. Uji wao ungeweza kuzibia ukuta. Barua hii anaitoa mchungaji chini ya koti lake, kwa kuwa zile za kawaida husomwa, basi nawe ukishaisoma itie motoni.

Yako ya tarehe ishirini nilikabidhiwa na mchungaji huyuhuyu pamoja na zote zilizokuwa zimelala posta. Nimeisoma mara tatu, nikaichana nikaivutia maji chooni. Haikuwepo. Umenisikia? Hukuiandika.

Wewe uliambiwa na mwanasheria, sasa nisikie mimi. Ilikuwa Ijumaa, saa tano, theluji mpaka magotini, imetulia, jua linaumiza macho. Nilikuwa kwenye mlango wa banda. Lango la chini likafunguka, akaingia Lanty, na mbwa wake wawili mbele yake, ndani ya malisho yangu, kondoo wangu wakiwa wamebana kwenye ukuta. Nikafikiri: amechoka kuwatuma, sasa anawaleta. Sikungoja. Mbwa wa kwanza nilimpiga chini ya sikio. Alikaa chini kama mtu aliyevutiwa kiti, na theluji nyuma yake ikawa nyekundu mpaka hatua nne.

Wa pili akaruka akiwafuata kondoo. Lanty akajitupa juu yake. Akapiga magoti, akamkumbatia shingo, kichwa cha mbwa kwenye kifua chake, akageukia banda. Mdomo wake ulikuwa unafunguka na kufumba. Mimi sisikii, unajua, nilijaza mwenyewe maneno: nikasikia matusi. Nilitia risasi. Msalaba wa darubini ulikuwa kati ya macho ya mbwa. Nikafyatua.

Mbwa alitoka mikononi mwake mzima na kukimbia. Lanty alibaki amepiga magoti, koti likiwa limechanika chini ya mbavu na tumbo limefunguka. Nilikimbia. Nilimlaza, nikamziba kwa kofia yangu, kisha kwa mkono, kisha kwa mikono yote miwili, na ilikuwa inapita kati ya vidole, moto, inatoa moshi kwenye baridi. Alinitazama muda wote. Miguu yake ilipiga theluji mpaka ikafika majani. Halafu basi.

Ndipo nikaona mbwa aliyekufa ana kamba shingoni. Kamba nyeupe ya kufungia marobota ya nyasi, kwenye theluji, kutoka bandani haionekani. Na nyingine imezungushwa kwenye kiganja cha Lanty, imekatika. Alikuwa ananiletea, Thirza. Alichelewa wiki sita lakini alikuwa ananiletea.

Kwenye kofia yake kulikuwa na karatasi, imelowa. Polisi waliichukua. Nadhani ni bili ya chakula cha mifugo.

Wanasema nilikusudia. Waache waseme. Wewe funga mdomo na lile daftari lifungie. Ukisema kosa lilianzia mezani kwako watakunyang'anya kazi, na pengine wakufungie chumba jirani na changu, na mimi nakoroma.

Baba yako


Birmingham
19 Aprili 2013

Baba yangu,

Nimefurahi unakula. Nimefurahi uko hai. Hapo furaha yangu inaishia, na barua yako sijaichoma.

Haikuwa bili. Nilikuambia nitatafuta mtu wa kukufikia kwa miguu. Kufika Hollinghyll, mtu wa pekee ambaye theluji haimzuii ni jirani, na jirani ni mmoja. Nilimpigia Lanty, Alhamisi mchana. Nilidhani atanikatia simu. Akasema, "Thirza wa Joss? Baba yako amenibakizia sikio moja, sema kwenye hilo." Nikamweleza yote. Akasema, "Nitayaandika kwenye karatasi, yule hasikii hata radi. Nitapanda kesho asubuhi theluji ikishikana." Nikamshukuru. Akasema, "Usinishukuru. Mbwa wale nimewakuta na sufu kwenye meno, nimeosha damu sakafuni mwenyewe. Naona haya, mwanangu. Kwa vile napanda, nitapanda nao. Tutawamaliza wawili, kama baba zetu, na safari hii yeye atie majani ya chai." Alicheka. Nami nilicheka, baba. Nilikata simu nikiwa nimetulia.

Kwa hiyo aliyemtuma ni mimi. Kwenye karatasi ameandika, mwanasheria amenionyesha nakala: "Joss, usipige na hiyo. Ya pili inaanguka. Binti yako kasema. Mbwa hawa hapa." Nadhani ndicho alichokuwa anakipigia kelele pia.

Sasa sikiliza. Mtaalamu wa upande wa mashtaka ameipima bunduki. Amepiga kumi, akaitupa ya kwanza. Wote tumefundishwa chuo kimoja. Ameandika kuwa haina kasoro, na risasi zake tisa zinakwenda mahali pamoja, na kwamba mtu aliyeizoea asingekosa. Karatasi ya Lanty haelewi maana yake, hakuna anayeelewa. Maana yake iko kwenye daftari langu na kwenye nguzo ya babu.

Jana nimekwenda Hollinghyll. Kondoo wanazaa, majirani wanapokezana, hata watu wa nyumba ya Lanty wanakuja na nyasi, wanazimwaga na kuondoka. Nimeweka kidole kwenye tundu. Ni moja, kweli. Kisha nikaenda polisi Penrith, nikawapa daftari, na nikawaambia wakaing'oe nguzo. Bosi ameshaniambia nisirudi. Sijali. Mimi ndiye niliyeifanya iseme uongo, na nitasimama mbele yao niseme hivyo, nawe utatoka.

Ulimlenga mbwa. Nitawathibitishia kwa namba.

Binti yako,
Thirza


Gerezani
30 Aprili 2013

Thirza,

Hii naituma kwa njia ya kawaida. Wasome.

Namba zako ni za kweli na mwanasheria anashangilia. Anasema kwa daftari lile na nguzo ile na karatasi ile naweza kurudi nyumbani kabla ya kunyoa kondoo. Nimemwomba akae kimya anisikilize, nami nakuandikia nilichomwambia, usikisikie kwa mtu mwingine.

Daftari lako linasema risasi ilishuka kiganja kizima. Ni kweli, ilishuka. Lakini daftari halisemi ingekwenda wapi kama isingeshuka. Kichwa cha mbwa kilikuwa kwenye kifua cha Lanty, binti yangu. Nilikuwa nimezunguka nyuma ya nguzo ya mwaloni na nimemwona kondoo kupitia tundu. Wiki moja tu kabla. Hukuwa umeniambia bado kuwa ya pili ni dhaifu. Nilijua, au nilidhani najua, kwamba ninachokishika kinapita kwenye mwaloni, na nikakielekeza kwenye fuvu la mbwa lenye moyo wa mtu nyuma yake. Na wewe ulikuwa umeniandikia kwa mkono wako: kumbuka nyuma ya unachopiga kuna nini. Nilikumbuka. Nilimwona. Nikafyatua.

Ungeniwekea regyuleta nzuri kuliko zote duniani, angekufa kwa risasi iliyonyooka. Ndiyo tofauti pekee. Kosa lako lilikuwa kiganja kimoja. Langu ndilo lililomuua.

Na ulimtuma kwa sababu ulitaka kuniokoa, naye alikuja kwa sababu alitaka kuniokoa. Hakuna mwingine bondeni siku ile aliyetaka mtu afe, isipokuwa mimi. Ahadi niliyokuandikia niliivunja mlangoni mwa banda.

Nitayasema haya mahakamani tarehe ishirini na moja Mei, na nitayasema polepole, kwa kuwa nimezoea kutosikia majibu. Daftari lako waache nalo, ili ijulikane ulisema ukweli. Tafuta kazi nyingine mapema, mikono yako isikae bure.

Kondoo nusu wapeleke kwa mjane wa Lanty, wale wenye mapacha. Yule mbwa wa pili, kama bado yuko mlimani, umtafute na wanaume wa bonde. Mfungeni kamba, mumlete lango la Hollinghyll, mummalize pale. Kisha muingie ndani, uwapikie chai, na utie majani ya kutosha.

Ukija kuniona usije na makaratasi. Njoo na soksi, sakafu ya hapa ni ya baridi.

Baba yako,
Joss